Ngoja Kwanza Nione Siku Zangu: Kinachomchelewesha Mama Aliyejifungua Kuanza Uzazi wa Mpango

Siku ya kliniki ya watoto, katika zahanati yoyote ya Rungwe, Mbozi au Mufindi, jicho hutua kwanza kwenye mzani uliotundikwa barazani, na watoto waliovishwa vibukta vya kupimia uzito wakining'inizwa mmoja baada ya mwingine, wengine wakilia, wengine wakishangaa tu. Mama hukabidhi kadi, uzito husomwa kwa sauti, nesi huweka nukta kwenye mchoro wa ukuaji, chanjo hutolewa na tarehe ya kurudi huandikwa. Ratiba yenyewe inajulikana hata na mama ambaye hakumaliza shule: wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Mvua ikinyesha kutwa nzima, kama inavyopenda kunyesha Tukuyu, bado utawaona wakishuka mlimani na miavuli, mtoto amefungwa mgongoni. Lakini atakayekaa kwenye benchi hilo mpaka saa sita mchana atatambua kwamba karibu kila neno lililosemwa lilimhusu mtoto. Mama naye alikuja na mwili wake, wenye ratiba yake, na ratiba hiyo haikuandikwa kwenye kadi ya mtu yeyote.

Makala hii inahusu ratiba hiyo ya pili. Tumezoea kueleza vikwazo vya uzazi wa mpango baada ya kujifungua kwa orodha ile ile: elimu ndogo, mila, wanaume, umbali wa zahanati. Orodha hiyo si ya uongo, ila inatufanya tuwaone akina mama hao kama watu waliokataa, wakati wengi wao hawajakataa chochote. Wanasubiri. Ukiwasikiliza, neno "sitaki" ni nadra kuliko "ngoja kwanza": ngoja nione siku zangu, ngoja mtoto asimame, ngoja baba yake arudi kutoka machimboni Chunya, ngoja nimalize kuvuna. Kila kungoja kuna sababu yake, na nyingi ni sababu ambazo mtu mwenye akili timamu angeweza kuzifuata. Tatizo ni kwamba mimba haingoji pamoja nao.

Takwimu za kitaifa zinaunga mkono mashaka juu ya maelezo yale mepesi. Katika utafiti wa hali ya afya na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16, akina mama waliojifungulia katika vituo vya kutolea huduma walikuwa asilimia 63. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 walikuwa asilimia 81. Hiyo ni hatua kubwa. Katika kipindi hicho hicho, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32, kisha wakawa asilimia 31, na mmoja kati ya kila wanawake watano walioolewa alitaka kupumzika kuzaa au kuacha kabisa lakini hakuwa akitumia njia yoyote. Kwa maneno mengine, tumefaulu kuwafikisha wanawake wengi zaidi kwenye kitanda cha kujifungulia, chini ya paa lile lile ambamo vijiti vya kuzuia mimba, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, na sindano vimehifadhiwa, na wengi wakatoka kama walivyoingia. Umbali peke yake hauwezi kueleza hilo.

Miaka miwili ihesabiwe kutoka wapi

Kabla ya kuingia kwenye vikwazo vyenyewe, kuna hesabu moja inayochanganya watu, wakiwamo wataalamu wanaotoa mafunzo kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kujifungua mtoto hai, mwanamke akae angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine. Huko mtaani ushauri huo umegeuka kuwa "watoto wapishane miaka miwili", jambo ambalo ni tofauti kabisa. Watoto wakipishana miaka miwili, maana yake mama alishika mimba wakati wa kwanza ana miezi 15, pengine bado ananyonya. Miezi 24 inayoshauriwa, ukijumlisha na miezi tisa ya ujauzito, inawapishanisha watoto kwa karibu miaka mitatu. Kwa hiyo yupo mama anayeamini kwamba amefuata ushauri kikamilifu, kumbe amewahi kwa miezi tisa.

Katika Nyanda za Juu Kusini hesabu hiyo si mchezo wa namba. Utafiti wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Iringa ukiongoza nchini kwa udumavu, zaidi ya nusu ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa zenye takribani nusu, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, maharage na viazi. Udumavu una sababu nyingi, kuanzia aina ya chakula na muda ambao mama anao wa kumlisha mtoto, hadi maji na magonjwa ya kuhara, na hakuna anayeweza kuubandika wote kwenye kupishana kwa watoto. Hata hivyo mimba inayokuja mapema humwondolea mtoto titi, humchosha mama kabla akiba ya madini ya chuma haijarudi mwilini, na huongeza uwezekano wa mtoto anayefuata kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Jambo hilo wazee wa huku walilijua bila utafiti, kama tutakavyoona.

Yai hutangulia damu

Sababu inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni kwamba mama hajaona siku zake. Kwa mantiki ya kawaida inaeleweka: hedhi ndiyo alama ya uzazi aliyoizoea tangu usichana, ilipokatika alijua ana mimba, basi mpaka irudi anaona mlango bado umefungwa. Kinachokosekana kwenye mantiki hiyo ni mpangilio wa matukio. Yai hupevuka kwanza, na damu huja takribani wiki mbili baadaye, endapo tu yai hilo halikurutubishwa. Mwanamke aliyejifungua anaweza kupevusha yai bila dalili yoyote anayoitambua, na kama alikutana na mume wake siku hizo, ile damu aliyokuwa akiingoja haiji kabisa. Yeye huendelea kungoja. Atakapoanza kuhisi mtoto akicheza tumboni ndipo atahesabu nyuma na kukosa pa kuanzia, na hata nesi atakayempima mimba hatakuwa na tarehe ya hedhi ya mwisho ya kuandika.

Kwa mama asiyenyonyesha, labda kwa sababu mtoto alifariki au kwa sababu ya ugonjwa, yai linaweza kurudi ndani ya wiki nne baada ya kujifungua, kabla hata ya arobaini kwisha. Kwa anayenyonyesha muda huwa mrefu zaidi, na hapo ndipo penye njia halali ambayo watu huitumia nusu nusu. Kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 ikiwa masharti matatu yametimia kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi sita, mama hajaona hedhi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana, bila kukaa muda mrefu kati ya nyonyo moja na nyingine. Sharti moja likivunjika, kinga imevunjika, na njia nyingine inahitajika siku hiyo hiyo.

Sharti la tatu ndilo linaloanguka kimyakimya. Kitaifa, katika utafiti wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 64. Waliobaki wamepewa maji kwa sababu ya joto la Kyela, uji mwepesi wa ulezi kwa sababu "maziwa hayamtoshi", au dawa ya mchango kwa sababu alilia usiku kucha. Halafu ipo kazi. Mama anayechuma chai Rungwe au Mufindi hulipwa kwa kilo, na kilo hazipatikani ukiwa umekaa chini ya mti na mtoto. Mtoto hubaki na bibi au na dada wa miaka kumi, na kati ya alfajiri na alasiri hanyonyi. Anayepandikiza mpunga Mbarali yuko hivyo hivyo, majini tangu jua halijachomoza. Ukimuuliza yeyote kati yao atajibu kwa ukweli wa moyo kwamba ananyonyesha. Ananyonyesha, ndiyo. Lakini ndani ya njia ya kuzuia mimba kwa kunyonyesha hayupo tena, na hakuna aliyemwambia alitoka lini.

Inasikitisha zaidi kwamba damu hiyo hiyo hungojwa pia upande wa pili wa meza. Mama akifika zahanati mtoto akiwa na miezi mitano, ameamua, na hata nauli ya bodaboda amelipa, huenda akaulizwa kama yuko kwenye siku zake, na akijibu hapana akaambiwa arudi zikifika. Hofu ya mtoa huduma ni kuweka kijiti kwa mwanamke ambaye tayari ana mimba changa. Ni hofu yenye nia njema, lakini imeshapatiwa ufumbuzi zamani. Upo mwongozo wa maswali sita unaotumika duniani kote kuondoa shaka ya mimba: je, umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita, je, una mtoto wa chini ya miezi sita unayemnyonyesha maziwa yako tu na hujaona hedhi, je, hujakutana na mwanaume tangu ujifungue au tangu hedhi ya mwisho, je, hedhi yako imeanza ndani ya siku saba zilizopita, je, mimba yako imeharibika ndani ya siku saba zilizopita, je, umekuwa ukitumia vizuri njia ya kuaminika. Jibu la ndiyo kwa swali moja tu, bila dalili za mimba, linatosha, na njia itolewe siku hiyo. Lisipopatikana, kuna kipimo cha mkojo. Kumrudisha mama nyumbani akangoje damu ambayo mwili wake, kwa sababu ya kunyonyesha, huenda usiitoe hata kwa mwaka mzima, ni kumwambia angoje mimba kwa lugha ya kitaalamu.

Arobaini, na kubemenda

Wenyeji wa ukanda huu, Wanyakyusa, Wahehe, Wabena, Wasafwa, Wanyiha na wengine, hawakuwa watu wasiopishanisha watoto. Mama aliyejifungua alitengwa na mume kwa muda mrefu, mara nyingi mpaka mtoto atembee au aachishwe ziwa, na kanuni hiyo ililindwa na hofu nzito: wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado ananyonya, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto atabemendwa. Atakonda, atalegea miguu, atachelewa kutembea. Kitabibu, tendo la ndoa halichafui maziwa wala kumdhoofisha mtoto. Lakini ukiitazama kanuni hiyo kwa jicho la heshima, utaona kwamba ilikuwa uzazi wa mpango wenyewe, na mtoto aliyedhoofika kwa sababu mama alishika mimba nyingine mapema alikuwa ushahidi ambao kila mtu kijijini aliuona kwa macho.

Kanuni hiyo ilisimama juu ya nguzo ambazo leo hazipo. Mama alikuwa akijifungulia kwa wazazi wake na kukaa huko miezi, au alilala nyumba moja na mama mkwe, na mara nyingi mume alikuwa na mke mwingine. Leo mume na mke wanapanga chumba kimoja Ilomba au Uyole, kitanda kimoja, pazia katikati, na arobaini ikiisha hakuna mzee wa kusimama mlangoni. Tendo la ndoa limerudi mapema, ila aibu yake haijaondoka. Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo: watu hawafuati tena mwiko, lakini wanaona haya kuonekana hawaufuati. Mama mwenye mtoto wa miezi mitatu akienda kuomba sindano, kwa kitendo hicho amekiri mbele ya benchi zima, ambapo huenda wifi yake ameketi, kwamba wameshaanza. Na siku mtoto huyo akishindwa kuongezeka uzito, wenye kunong'ona watakuwa na ushahidi tayari. Afadhali angoje, tena angoje kwa kujiambia kwamba hawakutani, hata kama wanakutana.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayeanza mazungumzo kwa kusema kubemenda ni ushirikina amepoteza msikilizaji kabla ya sentensi ya pili. Anayeanza kwa kusema kwamba wazee walitaka mtoto anyonye mpaka ashibe, na kwamba kijiti kinalinda kile kile walichokuwa wanakilinda, huyo ana mahali pa kuanzia. Sisemi hivyo ili kupamba mila. Mila hiyo hiyo humbebesha mama peke yake lawama ya mtoto dhaifu, na huwapa baadhi ya waume kisingizio cha kutafuta mwanamke mwingine, jambo lenye gharama kubwa katika mikoa hii yenye maambukizi mengi ya VVU.

Jibu moja kwa maswali mengi

Mkanganyiko mwingine unatokana na jibu la "rudi baada ya wiki sita". Jibu hilo ni sahihi kwa sindano ya miezi mitatu kwa mama anayenyonyesha. Si sahihi kwa njia zote. Kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa ndani ya dakika kumi baada ya kondo la nyuma kutoka, au ndani ya saa 48 baada ya kujifungua. Muda huo ukipita ndipo husubiriwa mpaka wiki ya nne. Kikiwekwa mapema hivyo kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe kuliko kikiwekwa baadaye, kwa hiyo mama anapaswa kuchunguzwa wiki ya sita, lakini kikikaa kinaweza kumlinda kwa miaka zaidi ya kumi. Kijiti, kwa mujibu wa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2015, kinaweza kuwekwa kwa mama anayenyonyesha hata kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na vidonge vyenye homoni moja vivyo hivyo. Vidonge vyenye homoni mbili ndivyo vya kusubiri: kwa anayenyonyesha haviruhusiwi kabla ya wiki sita, na inashauriwa mtoto afikishe kwanza miezi sita. Kufunga kizazi kwa mwanamke hufanyika ndani ya siku saba au baada ya wiki sita. Mume akiamua kufunga yeye, watumie kinga nyingine kwa miezi mitatu, maana mbegu zilizokwisha kutoka kwenye korodani huchukua muda kuisha njiani.

Ratiba hizo ni nyingi, na mkunga aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye mama mmoja anayesukuma na mwingine anayetoka damu, hana nafasi ya kuzieleza. Ndiyo maana mahali pake halisi ni kliniki ya wajawazito, miezi ile ambayo mama hana uchungu wala usingizi wa kudai, na mume akiwa amekuja kuhudhuria pamoja naye. Uamuzi ukiandikwa kwenye kadi ya mimba, mkunga wa zamu ya usiku anauliza tu kama bado mama anautaka. Ukiachwa mpaka baada ya kujifungua, mama anaulizwa akiwa na maumivu ya kushonwa, na jibu lake huwa, kwa haki kabisa, ngoja kwanza.

Kizazi, na uvumi wenye mizizi

Hofu ya kuharibu kizazi haikutoka hewani. Mwanamke aliyetumia sindano ya miezi mitatu anapoiacha, uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi. Wastani ni karibu miezi kumi tangu sindano ya mwisho, na kwa wengine zaidi ya hapo. Hauharibiki, unachelewa. Lakini kijijini miezi inahesabiwa na watu wengi. Mama mkwe anahesabu, mume anahesabu, na mwezi wa nane ukipita bila tumbo, neno "sindano imeozesha kizazi" linakuwa limeshafika kisimani. Kama angeambiwa mapema kuhusu ucheleweshaji huo, au kama mwenye kutaka mimba baada ya mwaka mmoja na nusu angeelekezwa kwenye kijiti au kitanzi, ambavyo vikitolewa uzazi hurudi upesi, uvumi ungekosa chakula. Vivyo hivyo na damu. Kijiti hubadilisha mpangilio wa hedhi: wengine hukauka kabisa na kuogopa kwamba damu inajikusanya tumboni, wengine hutokwa matone siku ishirini mfululizo. Mwanamke aliyeambiwa kabla huvumilia au hurudi kuomba msaada. Asiyeambiwa hurudi kuomba kitolewe, na huwasimulia wengine kumi.

Katika ukanda huu upo uvumi mwingine wenye ukweli ndani yake, nao haupatikani kwenye vipeperushi vya jumla. Utafiti wa viashiria na matokeo ya VVU wa mwaka 2022-23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4, Iringa na Mbeya nazo zimo miongoni mwa mikoa ya juu. Kwa miaka mingi dawa kuu ya kufubaza VVU ilikuwa na efavirenzi ndani yake, na dawa hiyo huharakisha ini kuvunja homoni ya kijiti, kiasi kwamba baadhi ya wanawake walishika mimba kijiti kikiwa mkononi. Waliosema "kijiti hakifanyi kazi" hawakuwa waongo. Mwaka 2019 Tanzania ilianza kuhamia kwenye dawa yenye dolutegravir, ambayo haina mgongano huo, lakini simulizi husafiri polepole kuliko dawa, na mama aliyejifungua akiwa anatumia dawa hizo anastahili kuelezwa tofauti hiyo waziwazi, kwa faragha, na mtu anayejua ni dawa gani anayoimeza. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, huleta tatizo lile lile.

Ruhusa

Hakuna kanuni ya huduma nchini inayomtaka mwanamke alete idhini ya mume ili apate njia ya uzazi wa mpango, na katika vituo vya serikali huduma hiyo ni bure. Ruhusa, hata hivyo, huombwa. Wapo wanaume wanaokataa kwa sababu wanaona mke aliyefunga njia ya mimba amefungua njia ya uzinzi. Wapo pia, na nadhani ni wengi kuliko tunavyosema, ambao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote isipokuwa mke wao gizani. Anayefanya kazi ya uchimbaji Chunya au udereva wa malori kupitia Tunduma huwa nyumbani siku chache. Mke hujiuliza kwa nini aweke sumu mwilini miezi mitatu kwa ajili ya siku nne. Siku nne zinatosha. Wengine huchagua sindano kwa kuwa haionekani, tofauti na kijiti ambacho kidole cha mume kinaweza kukigusa chini ya ngozi ya mkono, kisha hukosa tarehe ya kurudi kwa sababu siku hiyo hawakupata uongo wa kuwatoa nyumbani.

Kuhusu dini maneno machache yanatosha. Sehemu kubwa ya huduma za hospitali katika mikoa hii ilijengwa na wamisionari, na vituo vya Kanisa Katoliki hufundisha njia za asili pekee. Anayejifungulia hapo na kutaka kijiti hulazimika kwenda kwingine baadaye, akiwa na kichanga. Serikali nayo haijazungumza kwa sauti moja nyakati zote: Septemba 2018 Rais John Magufuli, akiwa Meatu mkoani Simiyu, aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, na mwezi huo huo matangazo ya redio na televisheni yalisimamishwa, ingawa huduma zenyewe ziliendelea zahanatini.

Kundi ambalo kungoja kwake kunaumiza zaidi ni la mabinti. Mwaka 2022 mkoa wa Songwe ulikutwa na asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kushika mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, mara mbili ya wastani wa taifa. Tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Ila kurudi darasani Vwawa au Tunduma bila njia ya kuzuia mimba ya pili ni kurudi kwa mguu mmoja, na binti huyo ndiye anayetazamwa vibaya kuliko wote akisimama kwenye foleni ya uzazi wa mpango: hana mume, kwa hiyo anaulizwa anaitaka ya nini. Mwongozo wa taifa hauulizi ndoa wala idadi ya watoto. Benchi linauliza.

Kadi ya nani

Mwongozo wa huduma baada ya kujifungua unataka mama aonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Siku ya 42 ni wiki ya sita, siku ile ile ya chanjo. Mama anafika mwenyewe, bila kutafutwa, akiwa kwenye umri hasa ambapo njia nyingi zimeruhusiwa na uwezo wa kushika mimba unaanza kuamka. Kinachotakiwa ni swali moja kutoka kwa anayechoma sindano ya mtoto, "Na wewe mama, umeanza njia gani?", na chumba cha pili kilichofunguliwa siku hiyo hiyo. Mara nyingi chumba hicho kina siku yake, tuseme Alhamisi, wakati chanjo ni Jumanne. Au nesi aliyefunzwa kuweka vijiti ni huyo huyo anayechanja. Au njia aliyoichagua mama imeisha na iliyopo ni ile anayoiogopa. Huduma za mkoba, zinazoletwa kijijini kwa gari, huziba pengo kwa siku moja, kisha gari huondoka, na atakayetaka kijiti kitolewe mwezi ujao hajui amwendee nani.

Wiki ya 10 na ya 14 nafasi hiyo hurudi, kisha hupotea kwa zaidi ya miezi mitano mpaka chanjo ya mwezi wa 9, kipindi ambacho ndani yake mtoto anafikisha miezi sita, anaanza kula, na kinga ya kunyonyesha inakwisha bila kengele. Miadi ya mwisho iliyo kwenye ratiba ya chanjo ni mwezi wa 18, dozi ya pili ya surua na rubela, miezi sita kabla ya muda unaoshauriwa kutimia. Wapo akina mama wanaofika siku hiyo wakiwa na kadi mbili kwenye mfuko mmoja wa nailoni, ya mtoto na ya mimba, na nesi huipokea ile ya mtoto kwanza.